Sanamu za Kabati la Tatu

Jumapili ile watu walijaa makumbusho ya mji wa Élisabethville mpaka mlangoni. Adalbert, karani wa reli juma zima, Jumapili aliongoza wageni kwa kujitolea, tai nyekundu shingoni, sauti kama ya katekista. Kijana mzuri, sikatai. Ila akikosa jibu, alilibuni!

"Hizi," alisema mbele ya kabati la tatu, akionyesha sanamu ndogo za udongo zenye madoa meupe, "njo michezo ya batoto ba Babemba."

Msichana wa gauni la kijani aliangua kicheko, kisha akafunika uso kwa aibu na kutoka. Adalbert aliwaacha wageni wake, akamfuata mbio.

"Mademoiselle! Nimesema vibaya?"

"Vibaya sana."

"Basi nielezee."

"Kwa mwanaume? Wapi!"

Aliitwa Nkandu, Mubemba, msaidizi wa wakunga hospitalini. Jumapili iliyofuata alirudi, na nyingine tena. Walitembea pamoja mpaka soko, wakila karanga, na kila mara Adalbert aliuliza habari ya sanamu.

"Weye unanipenda miye ao ule udongo?"

"Yote mbili, mupenzi."

Nkandu alicheka. Alimpenda tayari, maskini.

Lakini udadisi ulimzidi Adalbert. Bila kumuuliza, alibandika kibao mlangoni mwa makumbusho: Jumapili ijayo Mademoiselle Nkandu ataeleza siri za Babemba. Jumatatu simu ya ofisini ililia.

"Allô, Nkandu wangu?"

"Usiniite wako! Jina yangu iko ku mulango! Bamama benye kunifundisha wakati nilikomala banasema nimebauzisha siri yabo. Shangazi haniangalie hata ku macho."

"Nilifikiri utafurahi..."

"Haukuniuliza, Adalbert. Ile yote unauliza, ile moja haukuuliza."

Akakata simu. Adalbert hakula siku ile, wala kesho yake.

Jumapili makumbusho yalifurika. Shangazi Chanda alikuja na wanawake wenzake, nyuso zimekunjwa, Nkandu nyuma yao. Adalbert alisimama mbele ya kabati alilolifunika kwa shuka, na mkubwa wa makumbusho, Mzungu, akimtazama.

"Nilibadanganya," alisema kwa sauti. "Siyo michezo. Ile kibao niliandika miye peke yangu, Nkandu hakuyua kitu. Hizi sanamu miye siyui. Benye kuyua ni bamama, na habasemaka mbele ya banaume. Tuende ku kabati ya ine."

Mkubwa alinuna. Shangazi Chanda alimtazama Adalbert muda mrefu, kisha akamsukuma Nkandu mbele.

"Imekuuma?" Nkandu aliuliza polepole.

"Sana. Hata sasa siyui ile udongo inasema nini."

"Ni mafundisho ya mwanamuke. Mwanaume anayayua kiloko kiloko, siku kwa siku, kwa bibi yake, mu nyumba yabo."

Adalbert alisogea karibu.

"Nkandu, unioe... ee, nikuoe!"

"Juu ya udongo?"

"Juu yako. Hata kama hautaniambia mpaka tunazeeka."

Nkandu alimgeukia shangazi yake, macho yamejaa machozi, na siri hii moja alishindwa kuificha.

"Shangazi, mi namutaka," alisema.