Nilimpa Binti Mfalme Maneno ya Salma

Sijui Kichina. Wacha niseme mapema nipumue. Sijui hata "karibu" yao, na kwa miezi minane nilikuwa nawatafsiria wanawake wa watu tamthilia za Kichina, kwa sauti ya mtu aliyenyonyeshwa huko huko Uchina.

Nina miaka thelathini na nne, mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Korogwe. Shule niliiacha darasa la sita. Hesabu zilinishinda, na mimi nikazishinda kwa kutorudi. Nipo Ibra, Oman, mwaka wa tatu sasa, kazi za ndani. Namhudumia Bibi, mama yake bosi wangu. Bibi alizaliwa Unguja mjini, na Kiswahili chake ni kile cha zamani, kitamu, mpaka unaona haya kumjibu.

Sisi makadama, ndivyo huku wanavyotuita watumishi wa ndani, tuna grupu letu kwenye simu. Wa Ibra, Mudhaibi, Nizwa, Sur, Watanzania na Wakenya. Siku moja mtu akatuma kipande cha tamthilia ya kale ya Kichina, zile fupi fupi, kipande kimoja dakika mbili, hariri na vipini vya nywele na machozi. Kila mtu akapenda. Lakini nani ana nafasi ya kuangalia? Mikono imo kwenye pasi, macho yapo kwenye kanzu za watoto wa watu. Na maandishi ya chini ni Kiingereza, yanakimbia kama yamefumaniwa.

Nikasema, mimi nitawasimulia kwa voisi. Kichina nakijua, nilifanya kazi kwa Mchina Kariakoo.

Kweli nilifanya. Nilikuwa napiga deki.

Basi ikawa hivyo. Bibi akilala baada ya Adhuhuri, nyumba imetulia, mimi naingia stoo ya mchele na simu. Naangalia midomo inavyokwenda, naangalia nani analia, halafu natunga. Wenzangu kule wanaweka hedifoni sikio moja chini ya mtandio, sikio lingine wamemwachia mama wa nyumba, wanapiga pasi huku wakisikiliza. Maneno matamu nilikuwa namwibia Bibi. Akimwambia mjukuu wake "nuru ya macho yangu, sogea nikubusu", kesho yake mfalme wangu anamwambia hivyo hivyo malkia.

Halafu ikaja ile ya binti mfalme na mlinzi wake. Mlinzi naye mwanamke, anabeba upanga, anatembea nyuma yake hatua tatu. Kufika kipande cha ishirini, hatua tatu zikawa mbili. Kufika cha thelathini wakashikana mikono nyuma ya pazia.

Grupu likawaka. Mama mmoja wa Nizwa, mtu mzima, akaandika, "Astaghfirullah, haya ni maasia, tuleteeni nyingine." Baada ya saa moja akaandika tena, "Cha thelathini na moja mbona hakijaja?" Mwanaidi wa Kwale, jirani yangu ukuta kwa ukuta, alicheka mpaka nikamsikia bila simu.

Sasa nimseme Salma. Jina si lake, la kwake nimeliacha.

Dada yake bosi wangu, mama wa nyumba yetu, ameolewa Sur. Kila Ijumaa anakuja na familia yake kula mchana na Bibi, na anakuja na kadama wake mmoja asaidie jikoni. Huyo ndiye Salma, mtu wa Kondoa, mkimya. Mimi naongea kama redio iliyovunjika kitufe cha kuzimia, yeye anasikiliza. Tunapika pamoja wali na nyama, wenye nyumba wakishakula wakalala, na sisi tunakaa chini jikoni tunakula sinia moja. Nyama anaisukuma upande wangu bila kusema. Halafu ananisuka nywele mpaka Alasiri. Kwenye grupu alikuwemo, ila haandiki kitu. Anasikiliza tu akianika nguo.

Ijumaa moja mkono wake umo kichwani kwangu, akaanza kusema. Mimi nimempa mgongo, sikumwona uso.

"Mimi kule Sur naanika mashuka juu ya paa," akasema. "Kila shuka nahesabu siku moja, mpaka Ijumaa. Siku nyingine naifua shuka ambayo ni safi, hata wageni hawajailalia, ili tu mikono iwe na kazi, siku iende. Sina mtu ninayemngoja hapa duniani ila wewe. Usinijibu. Nimesema tu."

Ningefanya nini? Mtu mwenye akili angegeuka. Mtu mwenye akili angenyamaza hata. Mimi nikasema, "Basi ukija uje na sabuni, ufue na zangu."

Akacheka kidogo. Lakini mkono wake ulisimama kwenye nywele zangu, ukakaa pale, halafu ukaendelea kusuka. Ule mkono kusimama... mpaka leo nausikia.

Jumanne ikafika kipande cha arobaini na saba. Mlinzi anapelekwa vitani, binti mfalme anamchana nywele mara ya mwisho, na anasema. Anasema dakika nzima, analia, midomo haifungi. Na mimi nimeishiwa. Maneno ya Bibi yote nimeshayatumia, mengine mara mbili. Mama ananiita nimtolee samaki kwenye friza. Nikabonyeza kitufe nikafungua mdomo, na kilichotoka ni mashuka.

Yote. Paa, kuhesabu mpaka Ijumaa, shuka safi inayofuliwa ili siku iende. "Sina mtu ninayemngoja hapa duniani ila wewe. Usinijibu. Nimesema tu."

Nikatuma, nikaenda kutoa samaki.

Kurudi, simu imejaa mioyo na machozi. Wa Nizwa anasema ameunguza kanzu ya baba wa watu. Mmoja akauliza, "Binti mfalme anafua shuka mwenyewe, hana wajakazi?" Tukacheka. Na mimi nilicheka, nikajiona fundi.

Halafu akaandika Rukia. Rukia ni mpishi, anafanya kazi nyumba moja na Salma kule Sur.

"Kumbe," akaandika. "Ndiyo maana hapa kwetu shuka za wageni zinafuliwa na wageni hakuna. Salma mama, Ijumaa unamngoja nani?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningesema nimetunga, ningesema nimesikia kwa Bibi, uongo nilikuwa nao ghala zima. Lakini watu wanacheka, na mimi watu wakicheka nalewa. Nikarekodi voisi, nikasema kwa madaha, "Muacheni binti mfalme wangu, labda ananingoja mimi."

Zikashuka sura za kucheka, skrini nzima. Wakaanza kumwita Salma binti mfalme. Wengine wakanipa mimi upanga.

Jioni nikaona mstari ule mdogo wa kijivu, Salma ameondoka kwenye grupu.

Ijumaa niliamka kabla ya adhana, nikaoga mara mbili. Nilisema akishuka tu kwenye gari nitamshika miguu. Gari ikaja. Akashuka dada yake mama, wakashuka watoto, mlango ukafungwa.

Nikamuuliza mama, yeye Kiswahili chake ni cha vijana wa huku, nusu Kiarabu. "Salma? Salma khalas," akasema. "Hataki kuja. Anasema kichwa nauma."

Ijumaa ya pili, kichwa. Ijumaa ya tatu mama akanambia, "Amemlilia dada yangu, anataka rudi kwao. Ofisi italeta ingine."

Hivyo tu. Aliondoka na mimi naosha sufuria. Voisi nilizomtumia zina tiki moja mpaka leo. Nilimwomba msamaha kwa mzaha, nikamwomba kwa kulia, nikamwomba kwa kunyamaza, voisi nzima napumua tu. Tiki moja. Nasikia yuko kwa shangazi yake Kondoa. Nasikia Rukia alikuwa akimwita binti mfalme mbele ya watu mpaka siku anafunga begi.

Bibi akaniuliza, "Mwanangu, yule mwenzio aliyekuwa akikusuka yuwapi? Kichwa chako kimekuwa kama kiota cha kunguru." Nikamwambia amerudi kwao, Bibi. Akasema, "Na hukumsindikiza?"

Nikafunga mtandio, nikaenda kumletea kahawa.

Vipande vya mwisho niliviangalia peke yangu stoo. Mlinzi harudi kutoka vitani, au amerudi ila ni maiti, sijui, mimi Kichina sijui. Nilimwona binti mfalme amekaa mbele ya kioo na kitana mkononi. Nikabonyeza kurekodi, nikafuta. Nikaandika kwenye grupu kwamba nimewadanganya tangu mwanzo, sijui hata neno moja.

Wa Nizwa akajibu, "Tulijua tangu cha tatu. Wewe endelea."

Nikatoka kwenye grupu.

Sasa mtaniuliza, wewe ulimpenda vipi? Ndugu zangu, sijui niliite nini, na najua wengine mtalitafutia jina baya. Mimi nawauliza tu... mtu anayeoga mara mbili ili akapike wali, anayeiona Jumamosi ni siku mbaya kuliko zote, huyo ana nini? Nilikuwa nayatazama mapenzi kwenye simu, nawaelezea watu, nayalilia, na yangu yamenikalia nyuma yananisuka nywele. Sikugeuka.

Wewe unayesoma, mtu akikufungulia moyo wake usiuvae ukaenda nao sokoni. Hata kama utawachekesha watu wote. Hata kama umeishiwa. Watu wataondoka na kicheko chao, na yule mmoja naye ataondoka. Kama una mtu wa hivyo, mgeukie leo, acha mzaha, mjibu hata kama amesema usimjibu.

Haya niliyaandika siku nne. Jana tulipotoka na mifuko ya taka, nilikaa na Mwanaidi nje ya geti nikamsomea yote, na mashuka, na paa, na kila kitu. Nilidhani atalia. Akafunga mfuko wake fundo la pili, akaniangalia.

"Na haya nayo," akasema, "Salma mwenyewe umemuuliza?"