Midomo ya Mbeyu

Ganzi ilipaswa kuisha kabla ya adhuhuri. Jioni Mbeyu alikunywa chai ikamtiririka kidevuni, naye hakujua mpaka mumewe, Kahindi, alipompa kitambaa.

"Ni dawa tu," Mbeyu akasema.

Muuguzi Purity, aliyemchoma sindano ya kujaza midomo kule Changamwe, alikuwa amefanya kazi kwa uangalifu. Alitia kidogo, akampa kioo ajitazame, akaongeza tone. "Sikutii midomo ya bata mie. Watu waseme umenawiri, wasijue kwa nini." Na kweli midomo ilikaa vizuri, laini, kama aliyozaliwa nayo. Ila hakuihisi.

Wiki ikapita. Nyumba ikanuka udi ambao hakuna aliyefukiza. Jirani akamshukuru kwa maneno ya faraja asiyokumbuka kuyasema. Kahindi akirudi kutoka bandarini Kipevu walikaa sebuleni wakicheka, jambo lililokwisha zamani humo ndani.

"Siku hizi una maneno matamu, mke wangu."

Mbeyu alitaka kumwambia kwamba si yeye, kwamba ameketi nyuma ya meno yake mwenyewe akisikiliza sauti yake ikipita kama mpangaji mwenziwe ukumbini, lakini midomo ilitabasamu ikajibu, "Ni mapenzi tu, bwana."

Ndipo Kahindi akaona macho yanalia na mdomo unacheka. Akaogopa, akamwita Bibi Mweri, mganga.

Bibi alifukiza ubani, akapiga ngoma taratibu, akauliza kama pepo aulizwavyo siku zote, kwani hatoki bila kusema: "Uliyepanda, jina lako nani? Wataka nini?"

Mbeyu akajikusanya kutoka kila pembe ya mwili, vidoleni, kifuani, kooni, akalisukuma jina lake kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, likafika mdomoni likakuta mlango umeshikwa.

"Mimi ni Mbeyu, Bibi," midomo ikasema kwa adabu. "Huyu anayelia machoni mwangu simjui. Nitoleeni."

Bibi akamgeukia Kahindi. "Wewe ndiwe umjuaye. Anayesema ni mkeo?"

Kahindi aliyatazama macho kwa muda mrefu. Kisha akautazama mdomo.

"Ndiye," akanong'ona.

Bibi akamwaga marashi kiganjani, akayafunika macho, akaanza kumwamuru anayelia atoke. Ganzi ikapanda kutoka midomoni, polepole, bila maumivu yoyote. Machozi yakakoma.

"Ahsante, Bibi," mdomo ukasema. "Sasa nimepumua."