Mahali Penye Joto

Phelista alikuwa amechoka kuliko pasi zake. Wiki ya kufungua shule haina huruma kwa dobi. Kabla jua halijachomoza, sare za watoto wa Kiminini zilikuwa zimejaa meza, kiti na hata kitanda. Maji ya kufulia yalichemka kwa hita. Pasi moja ilikuwa mkononi, ya pili ikipata moto. Vyote vitatu vilichomekwa kwenye ekstenshen moja, nayo kwenye soketi moja ya ukutani.

Mtoto wake Wekoye, wa miezi saba, alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka. Asubuhi za Kiminini zina baridi ya kuuma, lakini mama yake alikuwa amegundua siri. Waya wa ekstenshen ulikuwa mrefu. Aliuzungusha, akauficha chini ya mkeka usije ukamkwaza mtu. Hapo juu palikuwa na joto zuri sana. Phelista alimshukuru Mungu kwa joto hilo la bure.

Jirani yake Viola alibisha hodi. Viola ni fundi wa stima, alisomea chuo cha ufundi kule Kitale. Alikuja kuchukua ovaroli yake. Aliinama amsalimie mtoto, mkono wake ukagusa mkeka.

"Mama Wekoye, mbona hapa kuna moto hivi?"

"Si ndio raha yake! Ukimtoa hapo, analia."

Viola hakucheka. Alizima swichi ya ukutani, akang'oa plagi, akamwinua mtoto na kumpa mama yake. Kisha akakunja mkeka. Waya ulikuwa umelainika kama mshumaa uliosahauliwa juani. Mahali pamoja ganda lake lilikuwa limegeuka kahawia.

Phelista aliketi juu ya sare za watu.

"Na fyuzi haikukatika?" Viola aliuliza. Akafungua plagi. Mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha msumari.

"Baba Wekoye ndiye aliweka. Fyuzi zilikuwa dhaifu, bana. Kila wiki inakatika. Ati msumari uko na nguvu."

"Fyuzi haikuwa dhaifu. Ilikuwa inakufa ili nyinyi msiungue."

Phelista alitaka kulia, lakini hata machozi yanataka nguvu, na yeye hakubakiwa nayo. Alimkumbatia mtoto tu.

Viola alitoa mita ndogo kwenye mkoba wake. Aliichomeka ukutani, kisha akachomeka pasi moja kwenye mita.

"Soma hapa. Volti ni ule msukumo wa stima. Ngapi?"

"Mia mbili arobaini."

"Ampea ni stima inayopita kwa waya. Ngapi?"

"Tano."

"Sasa zidisha. Volti mara ampea, unapata wati. Hiyo ndiyo nguvu pasi inakula."

Phelista alihesabu nyuma ya kalenda ya zamani, akirudia mara mbili kwa uchovu. 240 mara 5. "Elfu moja mia mbili."

"Sawa. Sasa gawanya. Volti kwa ampea, unapata omu. Huo ndio ukinzani, yaani vile pasi inazuia stima isipite ovyo."

240 gawanya kwa 5. "Arobaini na nane."

Walipima hita. Volti zilikuwa zile zile, lakini ampea zilikuwa nane. Phelista alihesabu mwenyewe: wati 1,920, omu 30.

Alikunja uso. "Hita iko na omu kidogo, na inakula wati nyingi. Si ingekuwa kinyume?"

"Hapana. Ukinzani ukiwa mdogo, stima nyingi inapita. Inayopita ikiwa nyingi, waya unapata moto. Sasa jumlisha ampea za vitu vyako vyote."

Tano, tano na nane. Phelista aliandika 18.

"Na fyuzi ya hapa ni ya ampea ngapi?" akauliza.

"Kumi na tatu," Viola akasema.

Phelista aliandika fyuzi 13 kando ya 18, akautazama msumari, kisha akamtazama Wekoye. Hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi.

Siku hiyo walitupa ile ekstenshen. Viola alimletea nyingine ya waya mnene, akaweka fyuzi halisi. Alimwonya waya usizungushwe wala kufunikwa, kwa sababu joto likikosa pa kutokea hujikusanya. Tangu hapo Phelista alichemsha maji kwanza, akazima hita, ndipo akawasha pasi mbili. Hizo ni ampea kumi tu. Kazi ilichelewa. Wateja wengine walinung'unika. Wekoye naye alilia siku tatu kwa baridi, hadi aliposhonewa blanketi la pili.

Jumamosi Makokha, mumewe, alirudi kutoka Bungoma anakofanya kazi ya kupakia mahindi. Alitaka kumsaidia mke wake. Akachomeka hita na pasi zote kwa pamoja. Baada ya muda mfupi, kila kitu kikazima.

"Unaona? Fyuzi dhaifu tena! Ule msumari wangu uko wapi?"

"Nimetundikia kalenda," Phelista akajibu. "Enda usome nyuma yake."

Makokha aliisoma kalenda polepole, kidole kikifuata tarakimu. Alipofika kwenye 18 na fyuzi 13, akairudisha kalenda msumarini. Alivaa viatu, akatoka kwenda dukani kununua fyuzi.

Phelista hakuwa na pasi ya kushika wala maji ya kungoja. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, alijinyoosha mkekani kando ya mwanawe. Aliingiza kiganja chini ya mkeka, pale pale mahali pa zamani.

Sakafu ilikuwa baridi. Akafumba macho, akalala.