Tabaka za Bi Nunu

Mtaani Azaiba hakuna mtu anayepiga hodi. Watu hubonyeza kengele, au hupiga simu wakiwa garini na kusema wako nje. Ndiyo maana mchana ule, baada ya adhuhuri, mtaa mzima umelala na viyoyozi vinanguruma peke yao, Lamya aliinua kichwa kutoka mezani kwake aliposikia sauti kwenye mlango wa jikoni. Hodi. Kimya kidogo. Hodi. Kimya tena. Hodi.

"Karibu," alijibu mama yake huko huko jikoni, mikono imo ndani ya samaki, wala hakugeuka. Bi Nunu alizaliwa ng'ambo ya bahari, Malindi ya Unguja, na mdomo wake uliitikia hodi wenyewe bila ya kumuuliza mwenye mdomo.

Hakuingia mtu. Iliingia harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimoni, ndani ya nyumba iliyotandikwa marumaru toka barazani mpaka uani.

"Nani, mama?"

"Nani nani?" Bi Nunu alimtazama. "Nawe mbona upo nyumbani? Leo huendi kazini?"

Lamya alikuwa akiandika nyumbani wiki nzima. Alicheka, akadhani anataniwa, akarudi kwenye adha yake.

Adha yenyewe ilikuwa hii. Lamya alikuwa mwanaakiolojia wa miaka thelathini na kitu, akiandika tasnifu ya uzamivu juu ya Warumi wa Mashariki, wale waliotajwa katika Kurani, ambao wasomi huwaita Wabizanti. Kule Yiti, kijiji cha pwani, alichimba akapata vigae vya mitungi yao. Wote walifurahi isipokuwa msimamizi wake, Dokta Jaifar, aliyekuwa akimrudishia sura ya nadharia na mbinu kila alipoipeleka, na kila mara swali ni lile lile: nani aliileta mitungi hii, na unajuaje? Lamya mwenyewe alishaandika kwamba kigae si mtu, kwamba mtungi wa Kirumi hauthibitishi kuwa Mrumi alifika, kama ambavyo vikombe vya Kichina kabatini mwa Bi Nunu havithibitishi kuwa Mchina alikuja kunywa chai. Alijua yuko sawa. Alichokosa ni ushahidi. Miaka ilikwenda, aliosoma nao wakawa wakuu wa idara, na yeye bado anageuza geuza vigae vile vile huku msimamizi kamkaa kooni. Aliichukia kazi ile, na kuiacha hawezi.

Huku nyuma Bi Nunu alianza kusahau. Kwanza simu mpya aliyozawadiwa Iddi: "Hii ya nani?" Kisha arusi ya Saud, kaka yake Lamya, iliyofanyika mwaka uliopita. Kisha mchana mmoja akapakua sahani ya Marhoon, mumewe, akaifunika, akamngojea. Marhoon alikuwa kaburini zamani. Lamya alipomwambia, Bi Nunu alilia kilio cha msiba wa siku hiyo hiyo, na kesho yake akapakua tena.

Madaktari walimpiga picha ya kichwa, hawakuona kitu. Uzee, walisema. Lamya hakuridhika, na kilichomkera ni kwamba sababu ya kutoridhika aliijua. Uzee huchanganya mambo, leo hiki kipo, kesho hakipo. Huku kwa mama yake hapakuwa na mchanganyiko. Kilichoingia mwisho kilitoka kwanza, halafu kilicho chini yake, halafu cha chini yake, kwa mpango, tabaka baada ya tabaka. Hivyo ndivyo yeye alivyofundishwa kuchimba.

Akaanza kuogopa mchana. Ule wakati wa kulala, nyumba imetulia, alisikia chumbani kwa mama yake mkwaruzo mdogo wa chuma, mwiko wa mwashi unaokuna udongo, chombo ambacho amekishika miaka yote na hawezi kukosea mlio wake. Akaenda kwa ncha za vidole, akasukuma mlango, akamkuta Bi Nunu kalala chali macho wazi, mikono imetulia kifuani, chumba kitupu, na mkwaruzo ule unaendelea taratibu, bila ya pupa, na kila alivyousogelea mto aliusikia zaidi, mpaka akainama akaweka sikio karibu na kipaji cha mama yake na kujua kuwa unatoka humo humo ndani, na kwamba vumbi laini lililokuwa juu ya foronya, lililopangusiwa pembeni kwa brashi, limetolewa humo.

"Lamya, mama," Bi Nunu alimwambia kwa upole. "Ushakunywa maziwa yako?"

Alikuwa bado anamjua. Alimjua kama mtoto mdogo, lakini alimjua.

Saud alimleta Maalim Thani, mganga wa kitabu kutoka Ghubra, mstaafu wa wizara asiyependa maneno mengi. Maalim alifukiza ubani, akasoma, akasoma tena, na mwili wa Bi Nunu ukaketi wenyewe.

"Nani wewe?"

"Mwenye pahala." Sauti ilikuwa ya chini, yenye adabu.

"Wataka nini? Pete? Sadaka?"

"Sitaki kitu. Nnachimba."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Nlipiga hodi, nkakaribishwa. Muulize huyo binti. Yeye alipiga kwangu mara tatu, sikumjibu, akaingia."

Lamya akakumbuka. Kule Yiti, kabla ya kutia mwiko ardhini, alisema hodi mara tatu kama alivyolelewa, nusu mzaha, vibarua wakacheka. Na aliyelelewa kusema hodi amelelewa pia kujua kwamba asipoitikiwa mara ya tatu, anageuka na kwenda zake.

"Kweli?" Maalim alimnong'oneza.

"Kweli, maalim."

"Basi dawa iko mdomoni mwako, si mwangu. Sema: tumekosa, tunatoka, na wewe toka. Yaliyokwishatolewa hayarudi, lakini yaliyobaki yatabaki. Sema sasa hivi, keshashuka sana huyu. Chini ya hapo alipo sasa, mamako hajazaa."

Lamya alifungua mdomo.

"Ile mitungi," ikasema sauti, sasa kwa utaratibu, kama mwenzake wa kazini, "mimi nlikuwepo iliposhushwa."

"Usimsikilize," alisema Saud. "Sema, Lamya. Sema basi, nakuomba."

Naye alitaka kusema, Mungu shahidi, maneno yalikuwa ulimini, lakini pamoja nayo yalipanda yote mengine, zile sura zilizorudishwa, lile swali moja lililomchosha mpaka akawa analiota, nyuso za wale wanaomuuliza arusini utamaliza lini, na akajiambia kwamba swali moja halichukui muda, swali moja tu halafu neno, mama yuko hapa mbele yake, anamwona, hatamwacha, na kabla hajamaliza kujiambia hivyo alishasikia sauti yake mwenyewe.

"Nani aliileta?"

Maalim Thani akafumba macho.

Sauti ilijibu bila ya choyo. Hawakuwa Warumi. Walikuwa watu wa Yiti wenyewe, walikwenda wakanunua, wakarudi nayo. Ikawataja kwa majina, na kilichokuwamo ndani, na aliyeivunja. Yote kama alivyoandika Lamya. Na muda wote ilipokuwa ikisema, mwiko ulikuna.

"Tumekosa," Lamya alisema upesi, akijikwaa. "Tunatoka, na wewe toka."

Jini likatoka, halikubishana. Harufu ya udongo ilikatika na viyoyozi vikasikika tena. Lamya alisimama na jibu lake, jibu sahihi, ambalo Dokta Jaifar angeuliza kalipata wapi, na hapakuwa na tanbihi ya kuliandikia. Alitaka kupiga mayowe kwa hasira na hakujua amkasirikie nani zaidi ya nafsi yake.

Bi Nunu alijiweka sawa mtandio. Akawatazama watu wazima waliojaa chumbani, mmoja mmoja, kwa haya. Kisha akashuka kitandani, akamwendea Lamya na kumpa mkono wa heshima, kama mtoto aliyefunzwa vizuri kwao.

"Shikamoo," alimwambia binti yake.