Mwendesha Baiskeli wa Uongo

Sketi ilikuwa ya njano, mpya, ya marinda, na ilinunuliwa ili ionekane. Ikaonekana kweli. Saa mbili asubuhi, stesheni ya treni ikiwa imefurika watu wanaokimbilia kazini, pindo lake lilinaswa kwenye mnyororo wa baiskeli ya kijana mmoja aliyeshuka behewa moja na msichana aliyeivaa.

"Usivute!" kijana akasema.

"Nani anavuta? Wewe ndiye unanivuta mimi. Hebu simama!"

"Nikisimama hapa tutakanyagwa, dada yangu."

Wakasogea pamoja hadi kwenye nguzo, msichana, kijana na baiskeli, watu wakiwapisha huku wakicheka. Kijana akapiga magoti. Alikuwa mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, koti la kazi la bluu, na vidole vyake vilijaa makovu madogo madogo. Akawa anazungusha pedali kinyumenyume, polepole, akikitoa kitambaa kwa upole kama anayemtoa mtoto mwiba.

"Vidole vimekuwaje hivyo?"

"Vioo. Natengeneza madirisha ya makanisa ya zamani. Na wewe?"

"Napima macho. Duka la miwani, ng'ambo ya barabara hapo."

"Basi sote tunakula kwa vioo," akasema, akainua uso na kutabasamu. Mpima macho alikuwa na miaka sita akimulika macho ya watu bila kuona la ajabu. Asubuhi hiyo alisahau kabisa kwamba amechelewa kazini.

"Pole kwa sketi. Ungekuwa unaendesha baiskeli ungejua, mnyororo hauna adabu."

Hapo ndipo mpima macho alipoharibu. Badala ya kusema asante yakaisha, akajishaua. "Usinifundishe mnyororo. Mimi mwenyewe naendesha kila wikiendi."

Jamani! Hakuwa amewahi kukalia hata ile ya watoto ya magurudumu matatu.

Uongo ule ukawafaa kwa majuma mawili. Fundi vioo alikuwa akifanya kazi kwenye kanisa la kijiji kimoja, kilomita kumi na nane nje ya mji, na kila alipokuja kununua vifaa alipita dukani saa ya chakula cha mchana. Walikula mikate yao kwenye benchi, nusu saa, saa ya ukutani ikiwatazama. Jioni ilikuwa zamu ya simu.

"Halo, mwendesha baiskeli wangu."

"Halo, fundi. Umekata kidole kingine leo?"

"Kimoja tu, nilikuwa nakuwaza. Sikiliza, laazizi, Jumamosi nikufuate twende wote. Njia ni tulivu, magari hayapiti kabisa. Vijiji vitatu vya kale, makanisa matatu. Tutashinda pamoja mpaka jioni."

"Jumamosi goti linaniuma," mpima macho akasema.

Jumamosi ya pili alikuwa na mgeni. Ya tatu, goti tena. Fundi alisema haya, sawa, lakini sauti yake ilikuwa imepoa, na mpima macho alilala na jiwe kifuani. Kesho yake akaenda kwa dada yake, akamwomba shemeji yake, tarishi anayesambaza barua kwa baiskeli, amfundishe kwa siri.

Wakafanya mazoezi kila jioni kwenye uwanja wa shule. Shemeji, mtu wa watu, baba wa wanne, kitambi kikimtangulia, alikimbia nyuma ameshika kiti. Siku ya tatu simu iliyokuwa mfukoni mwa suruali ya kubana ya mpima macho ikaita, ikajibonyeza, ikajipokea yenyewe.

"Halo, mpenzi," fundi akasema.

Hakujibiwa. Akasikia mtu anahema. Kisha sauti ya mpenzi wake, ikilia karibu: "Shemeji, usiniachie! Nishike hapo hapo!" Na sauti nzito ya mwanamume: "Nimekushika. Wewe tulia, legeza mwili."

Ujumbe uliingia jioni ile ile. *Sasa najua goti linaumia wapi. Kazi huku imekwisha, Jumamosi saa sita lori linanipeleka mji mwingine, mwaka mzima. Kaeni salama, wewe na shemeji yako.*

Mpima macho alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa.

Dada yake alicheka hadi akajishika mbavu, mpaka alipomwona mdogo wake anafuta machozi kwa kiganja. "Basi, mdogo wangu, basi. Tutaazima gari la jirani. Nenda ukamweleze."

"Nikifika na gari nitamwambia nini, dada? Kwamba nilikuwa najifunza baiskeli? Hata mimi nisingeamini."

"Unataka kwenda vipi, sasa?"

Akaitazama baiskeli ya tarishi iliyoegemezwa ukutani.

"Shemeji," tarishi akasema kwa woga, "kwenda mbele unaweza. Kona unajitahidi. Lakini kusimama bado! Juzi ulibana breki ukaingia kwenye ua. Kila siku nakudaka mimi."

"Nikifika nitajua la kufanya."

Jumamosi saa tatu asubuhi, katika shati jeupe na kitambaa chekundu kichwani, alisukumwa mara moja na tarishi, akaondoka akiyumba. Mji ukaisha kwenye kituo cha mafuta. Baada ya hapo palikuwa na barabara nyembamba, miti pande zote, na kimya ambacho hakuwahi kukisikia. Kilomita ya kwanza alisali. Ya tatu, aligundua kwamba mabega yake yameshuka. Vilima vilikuwa vidogo, vya kupanda kwa pumzi moja na kushuka kwa kicheko, na mashamba ya mahindi yalinukia umande.

Akapita kijiji cha kwanza: nyumba za mawe zilizobanana, mwaka umechongwa juu ya kila mlango, na kanisa lenye mnara uliopinda kidogo kama mzee anayesikiliza. Kijiji cha pili kanisa lilikuwa dogo kuliko duka la miwani, mlango wazi, kwaya ikifanya mazoezi. Alitamani mno kusikiliza. Mzee aliyekaa nje akampungia mkono.

"Karibu, mwanangu, pumzika!"

"Asante, baba, siwezi!"

"Haraka ya nini?"

"Si haraka, baba!" akajibu, tayari yuko mbali.

Kanisa la tatu, lile la fundi, lilikaa peke yake kwenye uwanja wa nyasi, madirisha yake mapya yakimwaga nyekundu na bluu. Mbele yake lori lilikuwa likinguruma. Fundi vioo alikuwa amesimama nyuma yake, anafunga kamba sanduku la mwisho, juu ya baiskeli yake iliyokwisha kupakiwa.

"Fundi!"

Akageuka. Kamba ikamtoka. "Wewe! Simama tuongee."

"Sijui kusimama!" Na akapotea nyuma ya kanisa.

Akatokea upande wa pili. "Nilikudanganya! Sijawahi kuendesha baiskeli maishani mwangu!" Akapotea.

Akatokea. "Yule uliyemsikia ni mume wa dada yangu! Alikuwa ameshika kiti!"

"Kiti gani?"

"Cha baiskeli, bwana wewe!" Akapotea.

Dereva wa lori akazima injini. "Bosi, mimi nipo sana," akasema. "Hii siiachi."

Alipotokea mara ya tatu hakupiga kelele tena. Kitambaa kilikuwa kimemshukia shingoni. "Niliogopa," akasema. "Niliogopa ukijua sijui, utatafuta anayejua."

Fundi hakungoja azunguke tena. Akakimbia, akamfikia, akakamata kiti, wakawa wanakwenda sambamba juu ya nyasi, wote wanahema.

"Nani alikwambia nataka mwendesha baiskeli?" akasema. "Nilitaka siku nzima na wewe! Siku nzima, si nusu saa ya mikate. Ungesema tu, tungetembea kwa miguu!"

Mpima macho akasahau alichofundishwa, akabana breki zote mbili. Wakaanguka chini, yeye, fundi na baiskeli ya serikali.

Dereva alipomaliza kucheka akauliza kama safari ipo.

"Shusha baiskeli yangu tu," fundi akajibu akiwa bado amelala. "Nitakufuata kesho kwa treni. Leo narudi mjini kumwona dada mtu."

"Kumwambia nini?" mpima macho akauliza, majani nyweleni.

"Kwamba nataka kumwoa mdogo wake, nikirudi. Mwaka si mrefu. Na treni zipo kila wiki."

"Mdogo wake hajaulizwa."

"Namwuliza sasa."

Alimtazama machoni kwa karibu, kama anavyotazama kazini, na safari hii bila taa. "Ndiyo," akasema. Akaona fundi hasogei, akasema tena, "Ndiyo, bwana, inuka."

Walirudi kwa miguu, kila mmoja akisukuma baiskeli yake. Walifika mjini jua likizama, maana kwenye kila kanisa waliingia ndani, wakakaa.