Aliyekaa Kwenye Foklifti

Asubuhi ile shemeji alikunywa chai akiwa amesimama, kama kawaida yake, akanitania kwamba upepo ukivuma nitapeperuka. Nyumbani kwao naitwa Kijiti, kwa jinsi nilivyo mwembamba. Yeye ni mume wa dada yangu, fundi wa foklifti, zile gari za kunyanyulia mizigo, kwenye ghala ninakofungia maboksi, na ndiye aliyenitafutia kazi.

Siku hiyo alitakiwa kuikagua foklifti ya Bonge. Bonge alikuwa dereva, mtu wa tumbo na vicheko. Mkanda wa kiti hakuwahi kuufunga, eti unamkata kitambi. Foklifti ilipolala ubavu kwenye kona, alirushwa nje ikamlalia. Tangu azikwe, hakuna dereva aliyetaka kuigusa, na bosi alichoka kuiona imekaa bure.

Shemeji si mtu wa kubahatisha. Alitazama matairi, akapima mafuta, akajaribu breki na honi. Kisha akanionyesha swichi iliyo chini ya kiti.

"Bila mtu kukaa hapa, haisogei hata kidogo," akaniambia.

Akakaa, ikasogea. Akainuka, ikagoma. Akazima, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni, akaweka kabari za mbao kwenye magurudumu. Halafu akaenda mbele kupaka grisi minyororo ya kuinulia mizigo, rafu za mizigo zikiwa mgongoni mwake. Mimi nilibaki pembeni nimemshikia kopo.

Ndipo nikaona kiti kinabonyea. Polepole. Mto ukatoa pumzi, vilevile kama Bonge alipokuwa akijitupa pale. Hakukuwa na mtu.

"Shemeji," nilinong'ona. "Toka hapo."

"Nini tena, Kijiti?"

"Kuna mtu amekaa."

Alikitazama kiti. Akatoa ufunguo mfukoni, akanionyesha. Alikuwa anataka kucheka.

Injini ikawaka.

Kabari zilipasuka, foklifti ikamsukuma shemeji hadi kwenye rafu. Nilirukia breki ya mkono, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa imeshikwa. Nilihisi vidole chini ya vyangu, vinene, vya baridi. Havikuachia. Shemeji aliniita mara moja, kwa jina langu halisi. Kisha injini ikazima yenyewe.

Tulimzika. Ufunguo walimkuta nao ngumini. Wakasema lazima kulikuwa na ufunguo wa pili. Wakaguzi wakaijaribu swichi mbele yetu sote, nzima kabisa. Bila mtu kukaa, haisogei. Na upande ule wa ghala tulikuwa wawili tu.

Wageni wa msiba walipoondoka, dada alinifuata jikoni. Aliongea chini chini, kama anayeogopa jibu.

"Niambie ukweli tu, mdogo wangu. Ulikaa?"

Nilimwapia kwamba sikukaa. Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu, akaenda kulala. Tangu hapo hasemi nami. Inaniuma kuliko hata msiba wenyewe, na sina la kufanya. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeyaamini maneno yangu.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniuliza. Walipoikokota foklifti nje, nilisimama mlangoni, nikaona. Mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa. Umevutwa karibu uishe, umekaza, umezunguka kitambi ambacho mimi sina.