Nailoni ya Kishikwambi

Yowe lilipigwa Alhamisi saa nane mchana, saa ambayo mtaa wa Santa Librada, nje kidogo ya Itauguá, hata kuku huwa wamelala. Bi Zunilda Ovelar alitoka kitandani na kiatu kimoja. Yeye ndiye aliyesomesha sala za wafu pale mtaani, na hakuna aliyekufa bila yeye kupata habari kabla ya padri. Wenye midomo walisema hata kabla ya marehemu mwenyewe. Yowe la namna ile alilijua. Akachukua rozari, akaingia kwa jirani.

Kumbe hapakuwa na maiti. Shoga yake, Bi Deolinda, alisimama katikati ya chumba, mikono kichwani.

“Wameniibia, Zunilda! Wamechukua kishikwambi!”

Zunilda akaitia rozari mfukoni, akashusha pumzi. Kisha akakumbuka kishikwambi kile kilikuwa nini katika nyumba ile, pumzi ikampanda tena.

Kilikuwa cha bei ya chini. Eleno, fundi simu wa sokoni, alipokiuza hakuficha neno: “Bi mkubwa, huyu ni punda, si farasi. Ukimbebesha mengi atalala.” Na kweli alilala. Picha iliganda, sauti ikaenda na kurudi, na chaja haikushika mpaka iegemezwe kwa kibiriti. Lakini kila Jumapili baada ya misa, mgongoni mwa punda huyo alikuja Nimia, binti wa Deolinda, aliyeko Málaga, Hispania, akitunza wazee wa watu. Mwaka wa saba huo hajakanyaga nyumbani. Na Jumapili hii aliahidi kutaja siku ya kurudi. Mtaa mzima ulijua. Deolinda alikwisha mwambia hata muuza gesi.

Tena kulikuwa na ile nailoni. Kishikwambi kilipotoka dukani kioo chake kilivikwa nailoni nyembamba, na Deolinda hakuivua. Kwake, kitu kikivuliwa nguo huzeeka. Makochi yake yalivaa plastiki, rimoti ilivaa plastiki, Zunilda alikwisha mwambia, “Siku Mungu akikuita, Mtakatifu Petro atakudhania mzigo wa posta.” Nailoni ilikuwa imeanza kuchubuka na kuwa na ukungu, nayo ilifunika hata jicho la kamera, hivyo Nimia alimwona mama yake kama mtu aliye ndani ya mvuke wa sufuria.

“Mama, vua hiyo nailoni nikuone.”

“Utakuja uivue kwa mkono wako.”

Hivyo ndivyo walivyoagana kila Jumapili. Ilikuwa Amina yao.

Sasa Zunilda aliinama mezani. Mfuko wa lesi ambao Deolinda aliufuma mwenyewe kwa ajili ya kishikwambi, laini kama utando wa buibui, ulikuwa umekunjwa mara nne. Chaja ilikuwa bado ukutani. Kibiriti kilikuwa mahali pake.

“Mwizi gani huyu anayeacha chaja?”

“Mwizi mpumbavu,” alisema Deolinda.

“Na lesi akaikunja?”

“Mpumbavu mwenye adabu.”

“Kuna aliyepiga makofi getini?” Maana huko mtu haingii uani kwa watu bila kupiga makofi nje kwanza.

“Nililala tangu baada ya chakula. Sikusikia kofi wala kikohozi.”

Celso akaingia mbio, mafuta ya gari hadi viwikoni. Huyu ni mwanawe Deolinda, fundi wa mabasi, kaka mkubwa wa Nimia, aliyembeba mgongoni tangu hajaota meno. Macho yake yalikuwa mekundu. Tangu jana hakuwa sawa. Jumatano jioni alimpitia Zunilda kuuliza kama sala za siku tisa zinasomwa hata maiti akiwa mbali. Mwenzake kazini, alisema, amefiwa.

“Na Jumapili sasa itakuwaje?” Zunilda aliuliza.

Celso akatazama sakafu. Deolinda akaenda jikoni kutazama maharage.

Ijumaa asubuhi Afande Aquino, kijana mwenye kifua kikubwa na subira ndogo, alimkamata Eleno. Alikuwa na sababu mbili: kibandani mwa Eleno kulikuwa na vishikwambi vya aina ileile, na Alhamisi alionekana kwenye geti la Deolinda. Kesi imekwisha, alisema, akaagiza kahawa.

Zunilda alipokuwa akijifunga kitambaa aende kituoni, Deolinda alimwita kutoka uani, akampa kifurushi cha moto: chipa, ile mikate ya duara ya wanga wa muhogo na jibini.

“Mpelekee Eleno.”

“Mwizi wako?”

“Mwizi naye ana tumbo.”

Nyuma yake, kwenye kamba, gauni jeusi lilikuwa likidondosha maji.

“Nani kafa, shoga? Mbona mimi sijaambiwa?”

“Lilikuwa linanuka kabatini. Ondoka, chipa zinapoa.”

Kituoni Afande aliweka miguu juu ya meza. “Bi Zunilda, umekuja kumsomea sala? Hajafa bado.”

“Nimekuja kuona kama wewe u hai. Shusha miguu, mwanangu, soksi hizo ni ushahidi.”

Akaruhusiwa. Eleno alikaa nyuma ya nondo, kichwa mikononi.

“Alhamisi ulifuata nini pale?”

“Bi Deolinda aliniita mwenyewe. Kishikwambi kimejaa, hakifungui kitu kipya, nije nikipunguzie mzigo kabla ya Jumapili. Nikaenda saa nne asubuhi. Nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.”

“Hakutoka?”

“Hakutoka, na alikuwepo. Nilisikia kishikwambi kinaita ndani. Naujua mlio wake, nilimwekea mimi. Kikapokelewa. Baada ya hapo kimya. Si kimya cha mtu kuondoka, Bi. Kimya cha mtu kukaa chini. Nikaona haya, nikarudi.”

Zunilda akampa kifurushi. Eleno aliuma chipa, akafuta macho kwa mkono. “Nani kanikumbuka?”

“Aliyeibiwa.”

“Basi mmoja wetu ana wazimu.”

Zunilda alitoka na neno moja likimkwaruza: Alhamisi. Nimia hupiga Jumapili. Lakini Celso alikuwa akimkwaruza zaidi, kwa hiyo akaanza naye. Celso alisema Alhamisi mchana kutwa alikuwa gereji na wenzake wakinywa tereré, yale majani ya kutiliwa maji ya barafu, pembe moja na mrija mmoja, ikizunguka mkono kwa mkono. Jumamosi Zunilda alipeleka kikapu cha chipa gereji. Porfirio, fundi mnene aliyekuwa akimimina maji, alimkaribishia gurudumu kuukuu la kukalia.

“Alhamisi Celso alikuwa na ninyi?”

“Alikuwepo, Bi. Nilimpa pembe ya kwanza mimi mwenyewe.”

“Akanywa?”

“Akanywa, akanirudishia, akasema asante.”

Zunilda akaacha kutafuna. Mtu anaporudisha pembe kimya, atapewa tena zamu ikimfikia. Akisema asante amemaliza, pembe inamruka. Hilo hata mtoto wa pale analijua kabla ya kujua jina la baba yake.

“Asante kwa pembe ya kwanza? Na joto lile?”

“Tukamcheka. Tukasema ana mchumba anayemsubiri. Hakucheka. Akaenda zake.”

Alimkuta Celso nyuma ya basi bovu, spana mkononi, hafungui wala hafungi kitu.

“Mwanangu, ulisema asante mapema mno Alhamisi.”

Celso akaigeuza spana mkononi.

“Ulikwenda nyumbani. Hukupiga makofi kwa sababu ni kwenu. Kishikwambi kiko wapi? Eleno yuko ndani kwa ajili yako.”

“Nilikwenda kukichukua. Kweli. Lakini sikukichukua, Bi. Naapa kwa roho ya...” Spana ikaanguka. “Nimia amekufa. Jumatano. Mshipa wa kichwa umepasuka, akiwa anamlisha mzee uji. Binamu yetu aliyeko kule alinipigia mimi.”

Zunilda alishika bati la basi. Lilikuwa la moto, wala hakulisikia.

“Mama alikuwa amekwisha nunua nyama ya Jumapili,” alisema Celso. “Nitamwambiaje? Nikasema nikiondoa kishikwambi nitapata siku mbili tatu, nitafute maneno. Nikaingia, mama kalala. Nikagusa mfuko wa lesi: mtupu, umekunjwa. Nikadhani Mungu amenitumia mwizi anisaidie. Eleno alipokamatwa nikanyamaza. Hiyo ni dhambi yangu, na naijua.”

“Mama yako alikuwa amelala?”

“Kaelekea ukutani.”

“Alikuwa akikoroma?”

Celso akafikiri. “Hapana.”

“Nimeishi ukuta kwa ukuta na Deolinda maisha yangu yote,” alisema Zunilda polepole. “Akilala, mbwa wa mtaa wa pili huhama. Nawa mikono, mwanangu. Twende kwenu.”

Njiani hakusema mzaha hata mmoja, na hapo ndipo Celso alipoanza kuogopa.

Deolinda alikuwa jikoni, akipepeta unga aliouazima. Karibu na mlango gunia jipya la wanga wa muhogo lilisimama, mdomo umeshonwa kwa uzi wa lesi.

“Unga wa kuazima, shoga, na gunia zima hili hapa?”

“Hilo ni la baadaye.”

Zunilda akavuta kigoda, akaketi mbele yake. “Deolinda. Tangu Alhamisi kila mtu ananiuliza Jumapili itakuwaje. Porfirio, Afande, muuza gesi. Wewe peke yako hujauliza. Wewe ambaye Jumatatu huanza kuhesabu.”

Mikono ya Deolinda ikaendelea kupepeta.

“Mwizi haachi chaja, wala hakunji lesi mara nne kama wewe. Aliyeibiwa hampelekei mwizi chipa, ila akijua si mwizi. Na gauni jeusi halifuliwi bila maiti; katika mtaa huu maiti ni wangu, na sikuwa na hata mmoja. Alhamisi saa nne kishikwambi kiliita.”

Ungo ukasimama.

“Usiseme mbele ya mtoto,” Deolinda alinong’ona. “Nakuomba. Celso hajui.”

“Mama,” alisema Celso.

Akamtazama mwanawe. Wakatazamana muda mrefu, kila mmoja akimsoma mwenzake, na unga ukawa unamwagika kidogo kidogo miguuni.

“Kumbe unajua,” alisema mama.

“Tangu Jumatano.”

“Basi ulikula maharage yangu siku zote hizi ukijua.”

“Na wewe ulinipakulia.”

Deolinda akakaa chini, sakafuni. “Hakuna anayepiga Alhamisi kutoka Hispania. Nilipokea. Alikuwa bibi mwenye nyumba anakofanya kazi Nimia, analia. Sauti ilikatika, picha ikaganda. Nyuma yake niliona kitanda cha Nimia kimetandikwa, sanduku lake juu. Sikuhitaji sauti. Nikafikiri: Jumapili nitakaa mbele ya kitu hiki, na kitanyamaza. Lakini kikiibwa, Zunilda, si Nimia aliyenyamaza. Ni mwizi tu. Mwizi anaweza kupatikana. Na Celso angebaki na dada kidogo zaidi. Mimi ndiye niliyemtwika amlee, naye mwenyewe alikuwa bado mtoto. Sikujua watamkamata mtu. Niliposikia, ulimi ulikuwa umekwisha kufa.”

Celso akaushika mkono wa mama yake, akapiga magoti hapo hapo kwenye unga. Zunilda akachukua kisu, akakata uzi wa gunia. Kishikwambi kilikuwa ndani, kimezikwa kwenye wanga mweupe.

Jioni ile Deolinda alikwenda kituoni mwenyewe, amevaa gauni jeusi, akasema kosa lake kwa mdomo wake. Afande Aquino alikuwa na maneno tayari. Alilitazama gauni, akayameza, akashusha miguu.

Jumapili baada ya misa walikaa kwenye makochi yenye plastiki. Eleno alikuja bila kinyongo, au alikiacha getini. Akaegemeza chaja kwa kibiriti.

“Bi Deolinda, hiki kimejaa picha za kidole gumba chako. Mia na zaidi. Nifute?”

“Futa.”

Punda alipopungua mzigo, video moja ikashuka, ya Jumatano alfajiri, iliyokuwa ikisubiri nafasi. Eleno akataka kutoka nje. Deolinda akamshika shati.

Ndani ya ukungu alionekana mtu amevaa aproni. “Mama, nimepata tarehe. Sikwambii! Nitakwambia Jumapili, nataka nikuone uso ukisikia. Basi nakuomba mara hii moja tu, vua hiyo nailoni, mama. Usiningoje.”

Picha ikasimama hapo.

Deolinda akatafuta ncha kwa ukucha. Ncha ikamponyoka. Celso akataka kumsaidia, mama akamtikisia kichwa. Nailoni ikatoka yote pamoja, kwa sauti ndogo ya kitu kinachobanduliwa kwenye ngozi. Ukungu ukaondoka.

Akakisogeza kishikwambi karibu na macho.

“Ana mvi,” alisema. “Zunilda, njoo uone. Mwanangu ana mvi hapa mbele, na mimi sikuziona.”

Bi Zunilda, ambaye hakuna aliyewahi kumkuta amekosa neno, alitia mkono mfukoni akaitafuta rozari.

“Ngoja kwanza na sala zako,” alisema Deolinda. “Eleno, baba, mrudishe mwanzo.”